Témoin wa Shamba la Kavuo

Kavuo hakuwa mtu wa maneno mengi, hata kabla mume wake hajapotea. Ukimwuliza bei ya mihogo, anainua vidole. Ukimsalimia, anaitikia, kisha anaangalia nyuma yako kama anangoja mwingine aliyebaki njiani. Tumekaa naye kiwanja kimoja hapa Bungulu, mtaa wa mji wa Beni, miaka mitatu, mlango wake unatazama mlango wangu. Mwanzoni kila akiangalia hivyo nilikuwa nageuka. Siku hizi sigeuki tena, lakini shingo inanisisimka.

Alizaliwa kwenye vilima vya juu ya Butembo, kule kwenye baridi ambako watu wanalima viazi mpaka ukingo wa barabara. Aliolewa huku chini, Mbau, na Lusenge, mwanaume mrefu aliyecheka kwa sauti kubwa. Walikuwa na watoto wanne na shamba linaloshuka mpaka kwenye kijito. Shamba langu linapakana na lao. Asubuhi nyingi nilimsikia Lusenge akicheka kabla sijamwona.

Siku aliyopotea, alikuwa amekwenda kupalilia. Saa nane risasi zilisikika upande wa msitu, tukakimbilia barabarani na watoto mgongoni, na tulipohesabiana Lusenge hakuwepo. Kesho yake askari waliingia. Walikuta panga lake limelazwa juu ya jiwe karibu na kijito, safi, kama mtu ameliweka pale ili akanawe mikono. Hawakuona damu wala nguo wala mwili. Hawakuona hata yale mabote yake ya mpira, ambayo Kavuo alikuwa ameshona la kushoto kwa waya mwekundu.

Tulihamia mjini wote. Kavuo alitembea kwenye hospitali, akatembea kwenye makaburi, mwisho akaenda kwenye ofisi moja ya mambo ya sheria. Mwanaume wa pale alimsikiliza huku anapanga karatasi, kisha akamwuliza kama ana témoin.

"Mama, bila témoin hakuna dossier ya kufungua. Mutu alionaka kitu njo tunamutafuta. Uko naye?"

Hakuwa naye. Neno lenyewe alilijua, hata kama hakusoma Kifaransa. Siku ya ndoa yake parokiani, témoin wake alisimama kando yake na kutia sahihi katika kitabu cha padri. Témoin ni shahidi, mtu aliyesimama pale akaona kwa macho. Jioni ile alikaa kwenye kizingiti chake akilisema polepole, témoin, témoin, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli la mwenzake.

Kwetu, mtu asiyepatikana anazikwa kwa mugomba. Wanakata shina lenye urefu wake, wanalivisha shuka, wanalilia, wanalifukia, na matanga yanaisha. Mjane ananyolewa, ananawa, anaanza kuishi upya. Familia ilimwomba Kavuo afanye hivyo. Aliyeomba kuliko wote ni Jéthro, mdogo wa Lusenge, mwanaume wa miaka thelathini na kitu aliyekaa chumba cha mwisho cha kiwanja chetu. Jéthro alikuwa amemaliza sekondari, alikuwa mpole, alichotea wazee maji bila kuombwa. Kila mwaka, mwezi uleule aliopotea kaka yake, alikuja kukaa mbele ya mlango wa Kavuo na kofia mkononi.

"Shemeki, tuzike mugomba. Mutu hawezi kulia bila mwisho."

"Mimi hapana olewa na mugomba," Kavuo alimjibu.

Watu walicheka. Jéthro alicheka pia, akaangalia chini. Nilimwona na sikufikiri kitu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, njia ya Mbau ilitulia kidogo. Askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, walituruhusu kwenda mashambani asubuhi, mradi saa nane kila mtu awe amerudi barabarani. Ndipo wakaja watu wa université, yaani chuo kikuu, kutoka Butembo. Mkubwa wao aliitwa Ingénieur Octave, mwalimu wa kilimo, mtu wa Kasai aliyejifunza Kiswahili chetu akiwa tayari mzee na aliyekisema kwa mikono yote miwili. Alituita mbele ya depo ya kakao akatueleza. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imetoa subvention, yaani pesa ya utafiti, kwa ajili ya chakula cha familia zilizohama. Walitaka kujua kama udongo uliochoka unaweza kutoa maharage mengi kwa mbolea ya maganda ya kakao, yale yanayooza nyuma ya kila nyumba. Alikuwa ameiomba pesa hiyo miaka miwili. Sehemu ya kwanza imefika. Ya pili itafika kama mama mmoja wa ministère, wa wizara, atakuja siku ya mavuno na kukuta kazi imefanywa sawasawa.

Walitafuta mashamba kumi na tano. Kila shamba litagawanywa vipande vinne: kimoja mbolea ya kakao, kimoja mavi ya mbuzi, kimoja vyote viwili vikichanganywa.

"Na ya ine njo témoin," alisema. "Serikali hailipake kazi bila témoin. Bila témoin hatuwezi kujua ukweli."

Palikuwa na watu karibu arobaini. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha alifunga blauzi, akasimama, akaenda zake. Ingénieur alidhani hatukusikia vizuri, kwa hiyo alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Témoin, alisema, ni yule ambaye hatumfanyi kitu. Tunamwacha pale pale, tunamwangalia tu.

Baadaye nilielewa. Alikuwa anasema juu ya kipande cha udongo kisichowekwa mbolea yoyote, ili wakati wa mavuno wakilinganishe na vingine. Wasomi wanakiita hivyo. Lakini huku kwetu, mtu akisema serikali inatafuta témoin, unaangalia kwanza nani amesimama karibu nawe.

Wengine walikataa kutoa mashamba. Kavuo alinyanyua mkono wa kwanza. Nikamvuta kikwembe alichojifunga, akautoa mkono wangu taratibu.

Vipande vilipigiwa kura ili asipendelewe mtu. Ingénieur alikunja karatasi nne, akazitia katika kofia yake, akamwambia mwenye shamba achague. Nilikuwepo. Kavuo alitoa ya kwanza kwa kipande cha juu, ya pili, ya tatu. Iliyobaki ilikuwa ya kipande cha chini, penye jiwe, pale walipolikuta panga. Ingénieur aliifungua akasoma: témoin. Akapigilia kigingi, akafunga kamba, akasimamisha kibao cheupe chenye herufi nyeusi ndefu kama kidole. TÉMOIN. Hakujua chochote juu ya jiwe lile. Kavuo alibaki amesimama mbele ya kibao na karatasi ile mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu miaka mitatu hakuwa anaangalia nyuma ya mtu.

Jéthro, aliyekuwa amekuja kusaidia kulima, aliweka jembe chini akasema tumbo linamuuma.

Tulipanda maharage wiki ile. Yakaota. Kuanzia hapo Kavuo alikwenda kila siku njia ilipofunguliwa. Kabla ya kushika jembe alishuka mpaka kwenye kibao, akakisalimia kwa Kinande, wavukire, kama unavyomsalimia mtu mzima asubuhi. Kisha alingoja. Nilimwuliza anangoja nini. Akanieleza bila haraka kwamba serikali ikiweka kibao cha shule, maana yake shule inakuja. Ikiweka kibao cha daraja, daraja linakuja.

"Sasa baliweka cha témoin. Basi iko njiani."

Nilitaka kumwambia alivyosema Ingénieur, kwamba ni udongo tu. Sikumwambia. Mimi mwenyewe sikupenda kupita pale. Maharage ya juu yalikuwa ya kijani nzito, yanafunika ardhi. Ya chini yalibaki madogo, ya manjano, yote yameinamia upande wa kijito. Upepo ukipita, kamba ilitoa sauti nyembamba, na vipande vingine vilikuwa na kamba ileile lakini sikuwahi kuvisikia. Ng'ambo ya kijito, hatua kama mia, palikuwa na mti mmoja wa kakao. Si wa shamba la mtu. Umesimama peke yake katika majani marefu, umezaa mara ya kwanza, na matunda yake yalikuwa yanaozea juu kwa juu. Nilijiuliza ni nani anapanda kakao mmoja kisha haji kuuvuna. Nikahesabu watoto wangu, nikarudi barabarani kabla ya saa.

Wiki ya tano tulikuta kibao kimeng'olewa. Hakikutupwa. Kilikuwa kimelazwa kifudifudi juu ya lile jiwe, sawasawa, kama panga lilivyolazwa. Vibao vitatu vya juu vilisimama kama kawaida. Ingénieur Octave aliuliza mashamba mengine yote kumi na manne, hakuna kilichoguswa. Watu walimwambia ni mbuzi.

"Mbuzi gani anajua kusoma?" alisema, akakirudisha, akakipigilia kwa jiwe mpaka mbao ikapasuka kidogo juu.

Siku kumi baadaye, asubuhi, nilifungua mlango wangu hapa Bungulu, kilometa karibu ishirini kutoka shambani. Kibao kilikuwa kimeegemezwa kwenye mlango wa Kavuo. Kimefunikwa jani zima la mugomba tangu juu mpaka chini, jani limefungwa kwa kamba, kama wanavyofunika mtu anayetolewa nyumbani. Udongo wa Mbau ulikuwa bado kwenye ncha. Niliita watoto wangu kwa majina mmoja mmoja mpaka wote wakaitika.

Kavuo alitoka, akafungua jani, akakunja kamba vizuri akaiweka mfukoni. Nilimwambia aache hilo shamba, awaambie watu wa université wachukue vitu vyao, ana watoto wanne. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Mama Ornella, kama kuko mutu anaogopa kibao, basi kuko mutu alionaka."

Alipanda moto, pikipiki ya abiria, siku ileile, kibao kwenye magoti, akakirudisha mwenyewe.

Tangu hapo niliangalia kila mtu wa kiwanja chetu. Ndivyo nilivyomwona Jéthro. Alipopalilia shamba la shemeki yake, alipalilia vipande vitatu vizuri, na cha nne alikizunguka huku amekipa mgongo, akinyoosha jembe pembeni kama mtu anayelisha mbwa mkali. Hakuingia ndani ya kamba hata mara moja. Siku moja, majani ya maharage yalipoanza kukauka, nilikuwa kwenye mpaka wangu nikamsikia anamwuliza Ingénieur, kwa adabu, témoin itasema lini.

Ingénieur alifurahi. Alikuwa amefundisha miezi miwili na huyo ndiye wa kwanza kuuliza.

"Siku ya mavuno. Tutaiita mbele ya mama wa ministère, tutaipima, itasema yote."

"Na kama haitaki kusema?"

"Itasema tu. Mizani hapana mutu wa kubembeleza."

Akacheka, akamwuliza jina lake lote, akaliandika katika daftari. Alitaka kumchukua kama msaidizi msimu ujao. Jéthro aliangalia kalamu mpaka ikafika mwisho wa jina, na uso wake ukawa na rangi ya majivu.

Alikonda. Alikula kwangu mara mbili, na mara zote mbili aliacha nusu ya bugali. Alimwuliza Kavuo tena juu ya mugomba, safari hii si mwezi wake wa kawaida, na bila kofia. Alisema wauzike kabla ya mavuno. Kavuo alimwuliza kwa nini kabla. Aligeuka akarudi chumbani kwake. Kibao hakikuguswa tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu niliona kama aliyekuwa anakiondoa sasa ameanza kukingoja.

Mavuno yalikuwa mwanzo wa mwezi wa sita. Mama wa ministère alifika na gari ya université, mwanamke aliyeitwa Ngalula, mwenye miwani na viatu vya mjini vilivyozama kwenye udongo mpaka akavivua akatembea pekupeku kama sisi. Alituomba radhi kwa kuchelewa. Askari wawili wa barrière walisimama juu, kwenye kivuli. Kavuo alikuwa amevaa kikwembe chake cha Noeli.

Tulikata maharage tangu asubuhi, tukayapukuchua kwenye bashi, turubai lililotandikwa chini, kila kipande na mfuko wake. Ingénieur alitundika mizani kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu. Alikuwa na desturi ya kuita mifuko kwa sauti, ili msaidizi ailete na mama wa ministère aandike. Aliita kakao, mfuko ukaletwa. Aliita mbuzi, ukaletwa. Aliita mchanganyiko, ulikuwa mzito kuliko yote, watu wakaguna kwa kupenda. Kisha akageuza karatasi, akainua kichwa.

"Témoin aje."

Mfuko mdogo ulikuwa karibu na mguu wangu. Niliinama kuuchukua.

"Niko hapa," alisema Jéthro.

Alikuwa amesimama chini, penye kibao. Alikuwa ameingia ndani ya kamba. Mikono ameiweka mbele kama mtu anayengoja kufungwa. Ingénieur alidhani anatania, akatabasamu, akamwambia alete mfuko basi. Jéthro hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia mwanamke wa serikali mwenye kalamu, kisha akamwangalia Kavuo, na hapo akaanza.

Alisema siku ile walikuwa wawili. Alikuwa amekuja kumsaidia kaka yake na hakuna aliyejua. Walinawa pale kijitoni, Lusenge ameweka panga lake juu ya jiwe, ndipo watu wakatoka kwenye majani. Jéthro alikuwa ndani ya maji tayari. Alilala chini ya ukingo, maji mpaka puani. Lusenge hawakumuulia hapo. Walimvusha. Aliwasikia wanakwenda, kisha akasikia mpaka mwisho. Siku ya tatu alirudi peke yake, akamkuta, akachimba kwa mikono na kipande cha mti. Alipanda juu yake mche wa kakao aliouokota kwenye kitalu cha mtu, ili siku moja apaone.

Kavuo alishuka mpaka kwenye kamba, akasimama upande huu, Jéthro upande ule.

"Sababu gani hukusema?"

"Bangeuliza: na wewe unapona namna gani? Huku mutu akipona peke yake, banasema ni yeye alibaleta bale bauaji."

Hilo ni kweli. Kila mtu pale alilijua. Hata mimi, kama angeniambia miaka mitatu iliyopita, ningemwuliza hivyohivyo, na ningewahamisha watoto wangu kutoka kiwanja chake.

Kavuo aliishika kamba kwa mikono miwili. Kisha akauliza neno moja tu alilokuwa amelibeba.

"Aliita nani?"

Jéthro aliangalia ng'ambo ya kijito.

"Mimi. Aliita mimi."

Askari walishuka. Ingénieur Octave alikuwa bado ameshika karatasi, na nilimwona anasoma kibao chake mwenyewe kama mtu anayekiona mara ya kwanza. Tulivuka kijito, Jéthro mbele. Matunda ya kakao yaliyooza yalilia chini ya miguu. Walichimba kesho yake, kwa ruhusa, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa bote la kushoto. Waya ulikuwa umeshika kutu, lakini mshono ulikuwa wa Kavuo. Alihesabu mizunguko yake kwa kidole. Ilikuwa saba.

Tulimzika Lusenge Beni, yeye mwenyewe, si mugomba. Jéthro alihojiwa siku nne na wale wa sheria, akarudi. Kavuo hakumwambia neno la msamaha, na sikuona anamtukana. Pale kaburini alimpa koleo, akamwachia afukie mpaka mwisho peke yake, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu Kavuo alikuwa amesimama pale akiangalia. Wiki iliyofuata Jéthro alihamia Butembo.

Mfuko wa témoin haukupimwa. Katika vurugu niliubeba mpaka nyumbani bila kujua, na Kavuo aliupika wote kwa watu wa matanga. Ingénieur Octave alikuja kutoa pole, akala sahani yake, akauliza maharage yanatoka wapi. Nilipomwambia, kijiko kilisimama. Bila kipimo kile, shamba la Kavuo halikuwa na maana kwa wale wa Kinshasa, na sehemu ya pili ya pesa ingeweza kukwama. Aliangalia sahani. Kisha akaimaliza. Baadaye alituambia kwamba mama Ngalula ndiye aliyejaza pale palipobaki wazi. Aliandika kwamba kipande cha témoin kilivunwa mbele yake na kwamba kisihesabiwe pamoja na vingine. Pesa ilifika, ya mashamba kumi na manne.

Mwezi wa tisa walirudi kwa msimu mpya. Ingénieur alikuwa amebadilisha vibao. Kipande kisichowekwa kitu sasa kiliandikwa T na sifuri tu, katika mashamba yote, na aliapa kwamba lile neno hatalisema tena huku. Alileta kofia na karatasi nne. Kavuo alichagua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya sifuri ikabaki tena kwa kipande cha chini, penye jiwe.

Ingénieur alitaka kurudia kura. Kavuo alimkataza. Alishuka mpaka kijitoni, akapigilia kigingi mwenyewe, akavuta kamba, akasimama.

Nilingoja asalimie. Hakusalimia. Alinigeukia kuniomba jembe, na macho yake yalinifika usoni yakaishia hapo. Ni mimi niliyeangalia nyuma yangu.